Pampu, paa na gari: Gharama zinazomvizia mstaafu

Na MWANDISHI WETU

MTU anapostaafu, mshahara hukoma siku moja lakini nyumba na gari havikomi kuchakaa. Paa litaendelea kuvuja mvua ya Aprili inapoanza, pampu ya maji itaungua, na lile gari lililompeleka kazini kila asubuhi litamzimikia barabarani akiwa njiani kwenda kanisani, msikitini au matangani. Alipokuwa kazini, gharama kama hizo zilisubiri mwisho wa mwezi. Sasa mwisho wa mwezi huleta pesa kidogo, na pesa zenyewe zimekwisha kugawiwa kabla hazijafika.

Wengi wanapoliwazia jambo hili huanza na hofu. Ni afadhali kuanza na hesabu.

Chukua mfano wa mwalimu wa shule ya umma ambaye mshahara wake wa msingi ulikuwa Sh60,000 kwa mwezi na aliyefundisha kwa miaka 30. Chini ya Sheria ya Pensheni, Sura ya 189, kila mwezi wa utumishi humpa sehemu moja kati ya 480 ya mshahara wake wa mwaka. Miezi 360 basi humpa robo tatu ya Sh720,000, yaani Sh540,000 kwa mwaka. Akiamua kuchukua robo ya pensheni hiyo kwa mkupuo, kama wafanyavyo wengi, robo hiyo huzidishwa mara 20 na kumpa kiinua mgongo cha Sh2.7 milioni. Kinachosalia ni Sh405,000 kwa mwaka, au Sh33,750 kila mwezi.

Kumbuka kwamba marupurupu ya nyumba na ya usafiri hayaingii katika hesabu hii. Mtu aliyezoea kupokea mshahara pamoja na marupurupu hujikuta akiishi kwa nusu au chini ya nusu ya alichozoea. Watumishi wa serikali waliokuwa na umri wa chini ya miaka 45 mnamo Januari 1, 2021 waliingizwa katika mpango mpya wa kuchangia, na hesabu yao itakuwa tofauti wakati wao utakapofika. Lakini wengi wanaofikisha miaka 60 hivi sasa bado wanahesabiwa kwa kanuni ya zamani. Katika mipango ya pensheni ya kampuni za kibinafsi, mwanachama kwa kawaida huruhusiwa kuchukua hadi theluthi moja kwa mkupuo, na theluthi mbili zinazobaki hugeuzwa kuwa malipo ya kila mwezi.

Hizo Sh33,750 ndizo zitakazolisha nyumba, kulipa umeme na maji, kununua dawa za shinikizo la damu na kutia mafuta garini. Petroli ilivuka Sh200 kwa lita kwa mara ya kwanza Septemba 2023, na tangu hapo hakuna mwenye gari anayepitia kituo cha mafuta bila kutazama bei kwanza. Tena kuna malipo yasiyogawanyika. Bima ya afya ya jamii, iliyochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024, humkadiria asiye na mshahara kulingana na hali ya maisha yake. Kiwango cha chini ni Sh300 kwa mwezi, lakini kwa kawaida mchango huo hutakiwa kwa mwaka mzima kwa pamoja.

Gharama za 'ghafla'

Sisi tunaohariri habari za watu wengine tumezoea kuona neno 'ghafla' likitumiwa ovyo. Mara nyingi ukilifuta sentensi haipungukiwi na kitu. Ndivyo ilivyo hata katika gharama za nyumbani. Betri ya gari haifi ghafla. Imekuwa ikifa kwa miaka mitatu. Tairi halipasuki ghafla, wala pampu iliyofungwa miaka saba iliyopita haiungui kwa sababu ya mkosi. Mambo haya yalijulikana kwamba yatatokea. Kisichojulikana ni tarehe.

Jambo ambalo ni hakika litatokea huweza kutengewa fedha, na hapo ndipo mstaafu anapoweza kujiokoa. Achukue karatasi, aandike kila kitu kinachoweza kuharibika, akadirie bei yake na miaka ambayo huwa kinadumu, kisha agawanye.

Tuseme matairi manne ni Sh40,000 na hudumu miaka minne. Hiyo ni Sh10,000 kwa mwaka. Betri ya Sh15,000 ikidumu miaka mitatu ni Sh5,000. Shokomzoba na bushi, ambazo huisha upesi kwa mtu aliyerudi mashambani kwenye barabara za changarawe, tuseme ni Sh40,000 kila miaka minne, yaani Sh10,000 nyingine. Kubadilisha oili, vichujio na pedi za breki mara mbili kwa mwaka, Sh10,000 kila mara, ni Sh20,000. Jumla ni Sh45,000 kwa mwaka kabla ya mafuta na bima. Kwa mwezi ni Sh3,750, ambayo ni sehemu moja kwa tisa ya pensheni ya mwalimu wetu.

Sasa nyumba. Pampu ya Sh30,000 kila miaka sita ni Sh5,000 kwa mwaka. Friji ya Sh50,000 ikidumu miaka 10 ni Sh5,000. Tangi la maji na mabomba yake, Sh24,000 kwa miaka minane, ni Sh3,000. Rangi, mbao za ukingo wa paa na mifereji ya mvua, Sh60,000 kila miaka sita, ni Sh10,000. Kuita lori la kunyonya maji taka kwa Sh8,000 kila baada ya miaka miwili ni Sh4,000. Hapo pana Sh27,000 kwa mwaka, au Sh2,250 kwa mwezi.

Bei hizi ni za mfano tu. Msomaji aweke za kwake. Anayeishi Kilifi au Kwale ajue kwamba hewa ya chumvi hula mabati na vyuma vya madirisha mapema kuliko ilivyo Nyeri. Wa Kisii na Kakamega, ambako radi hupiga mara kwa mara, aitengee runinga na friji miaka michache zaidi ya kuombewa kuliko ya kutegemewa, na achomoe nyaya ukutani mawingu yakianza kutanda. Kwenye mchwa, mbao za paa zikaguliwe kila mwaka.

Nyumba na gari kwa pamoja basi zinadai Sh6,000 kwa mwezi, zaidi ya sehemu moja kwa sita ya pensheni. Mtu anayeitumia pensheni yote kila mwezi akidhani ni yake anakula pesa za tairi na za paa. Ndiyo sababu huishi kuuza mbuzi leo na kipande cha shamba kesho.

Hata hivyo, kutenga Sh6,000 kila mwezi peke yake hakutoshi. Pampu haina habari kwamba chungu chako bado hakijajaa. Inaweza kuungua mwezi wa pili. Kwa hivyo chungu kianze kikiwa na kitu ndani. Gharama ya miaka miwili au mitatu, ambayo kwa mwalimu wetu ni kati ya Sh144,000 na Sh216,000, iondolewe kwenye kiinua mgongo kabla ya kununuliwa ploti, kuku au matatu. Aidha, malipo ya kwanza ya pensheni ya serikali yamejulikana kuchelewa kwa miezi mingi, jambo ambalo wabunge wamelizungumzia mara kadhaa. Aliye na miaka 57 au 58 leo hana budi kuanza kujaza chungu hicho kutoka kwenye mshahara.

Pesa zikae wapi?

Fedha za dharura si za kuzalisha faida kubwa. Zinapaswa kupatikana upesi, zisipungue thamani, na zisiwe karibu sana na mkono. Kiasi cha kununua betri au kumlipa fundi wa mabomba kikae benki au kwenye simu. Kilichobaki kinaweza kuwekwa katika mfuko wa uwekezaji wa soko la fedha unaosimamiwa chini ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Huko pesa hupata riba na kwa kawaida hutolewa kwa siku chache. Hati za Hazina ya Kitaifa za siku 91 ni salama pia, lakini paa likivuja huwezi kulisihi lisubiri siku 91.

Sacco inahitaji maelezo zaidi, kwa kuwa ndiyo benki ya kweli ya mfanyakazi wa Kenya. Wengi hustaafu wakiamini kwamba akiba yao ya sacco ndiyo kinga yao. Ni kweli, lakini akiba hiyo haichukuliwi kama maji mtungini. Kwa kawaida ni lazima mwanachama ajiondoe, na vyama vingi hudai ilani ya siku 60. Kisha kuna suala la udhamini. Kama uliwadhamini wenzako wawili watatu kazini, akiba yako imefungwa na mikopo yao hadi walipe au wapate mdhamini mwingine. Mwenzako akiacha kulipa, utakatwa wewe uliye kijijini. Mtu aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu anafaa kwenda afisini mwa chama chake, aulize anawadhamini kina nani na kwa kiasi gani, na aanze kuwaomba watafute wengine. Ombi hilo si uadui, ingawa wapo watakaolichukulia hivyo.

Faida ya kubaki mwanachama ni mkopo. Tuseme pampu ya Sh30,000 imeungua na chungu ni kikavu. Mkopo wa sacco kwa riba ya asilimia moja kwa mwezi ya salio, ukilipwa kwa miezi 12, utagharimu riba ya Sh1,950. Mikopo ya simu ni hesabu nyingine. M-Shwari ilipoanza mwaka wa 2012, ada yake ilikuwa asilimia 7.5 kwa siku 30. Kwa kiwango hicho, Sh30,000 hutozwa Sh2,250 kwa mwezi mmoja, na anayelipa kwa kukopa upya kila mwezi kwa mwaka mzima atakuwa ametoa Sh27,000 za ada tu. Amenunua karibu pampu mbili na amepata moja. Mikopo ya simu ni ya mtu ambaye ana hakika atapokea pesa wiki ijayo, wala si ya mtu ambaye mapato yake hayatabadilika hadi afe.

Kuhusu kukopa kwa dhamana ya gari au hati miliki ya nyumba anayoishi mstaafu ili kutengeneza gari au nyumba hiyo hiyo, sitasema mengi. Anayeyatoa makazi yake rehani kwa sababu ya gasketi amelipa gari hilo heshima isiyolistahili.

Bima nayo inaeleweka vibaya. Sheria, Sura ya 405, humlazimisha kila mwenye gari awe na bima ya kuwalinda watu wengine anaoweza kuwadhuru. Bima hiyo haimtengenezei yeye gari lake. Bima kamili hulipia ajali na wizi, na hata hapo mwenye gari hubeba kiasi cha kwanza cha hasara. Bima ya nyumba na vyombo hulipia moto na wizi na, kulingana na mkataba, mafuriko kama yale ya Aprili na Mei 2024. Lakini hakuna bima ya kawaida inayolipia uchakavu. Paa lililooza, injini iliyokula miaka yake na mabomba yenye kutu ni mzigo wa mwenyewe. Kwa gari kuukuu ambalo thamani yake imeshuka sana, mstaafu alinganishe ada ya bima kamili na bei ya gari lenyewe. Wakati mwingine ni busara kurudi kwenye bima ya lazima na kuitia tofauti hiyo chunguni.

Fundi na mzee

Sehemu kubwa ya pesa za wastaafu hupotelea gereji. Fundi huona mvi, huona koti, na mara bei inapanda pamoja na heshima: "Mzee, hii lazima tubadilishe yote." Huenda ni kweli, huenda si kweli. Mstaafu ana kitu kimoja ambacho hakuwa nacho alipokuwa akikimbilia kazini, nacho ni muda. Autumie.

Kwanza, aombe makadirio yaliyoandikwa, vipuri kando na kazi ya mikono kando. Pili, apeleke karatasi hiyo kwa fundi mwingine kabla ya kukubali. Tatu, anunue vipuri mwenyewe inapowezekana. Aliye Nairobi anaijua Barabara ya Kirinyaga, ambayo wazee bado wanaiita Grogan, na anajua kwamba maduka mawili yanayotazamana yanaweza kutofautiana bei kwa kipuri kile kile. Nne, adai kurudishiwa kipuri cha zamani. Ombi hili dogo hupunguza sana idadi ya vitu 'vilivyoharibika'. Mkwe wangu aliwahi kulipia rejeta mpya katika gereji moja ambayo sitaitaja, na alipoomba ya zamani aliambiwa imekwisha kuuzwa kama chuma chakavu. Miezi miwili baadaye fundi mwingine alifungua boneti na kumwonyesha rejeta ya zamani ikiwa mahali pake, imepakwa rangi.

Kwenye matairi, asitazame kina cha meno pekee. Ubavuni mwa kila tairi mna tarakimu nne zinazoonyesha lilipoundwa: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka wa 2019. Tairi la mtumba linaweza kuwa na meno mazuri na mpira uliokauka kwa uzee. Gari la mstaafu hutembea kidogo, kwa hivyo tairi zake mara nyingi huzeeka kabla ya kuisha. Betri nayo hufa kwa kukaa, si kwa kazi. Gari lisilotumiwa liwashwe na kuendeshwa angalau mara moja kwa wiki, hata kama ni hadi sokoni na kurudi.

Nyumbani, kazi ndogo za mapema ndizo zenye faida. Methali ya ufa na ukuta sote tuliikariri shuleni, na bado tunangoja hadi dari ionyeshe doa la maji. Mifereji ya paa ikisafishwa Februari, kabla ya mvua ya Machi hadi Mei, na tena Septemba kabla ya ile ya Oktoba, gharama ni vibarua vya siku moja. Ikiziba, maji hurudi chini ya mabati, huozesha mbao, na kazi ya siku moja hugeuka ya wiki tatu.

Suala gumu ni kama gari lenyewe libaki. Kwa wengi gari ni ushahidi kwamba walifanya kazi, na kulitoa ni kama kukiri jambo ambalo hawajawa tayari kulikiri. Nalielewa hilo. Lakini hesabu ifanywe. Jumlisha Sh45,000 zile, bima na mafuta ya mwaka, kisha ugawanye kwa idadi ya safari. Anayekwenda mjini mara mbili kwa mwezi huenda akagundua kwamba kila safari inamgharimu zaidi ya kukodi teksi kutwa nzima. Anayempeleka mkewe kliniki kila wiki kutoka mahali ambapo matatu hazifiki ana hesabu nyingine, na gari lake ni la lazima kama dawa zenyewe. Akiamua kuuza, auze likiwa bado linatembea. Gari lililokufa uani hununuliwa kwa bei ya chuma.

Dharura za watu wengine

Hadi hapa tumezungumzia vitu. Lakini mstaafu ye yote atakwambia kwamba pampu haijawahi kumfilisi kama jamaa. Habari za kiinua mgongo husafiri. Mjukuu amefukuzwa shuleni kwa sababu ya karo, kijana amepoteza kazi na amerudi nyumbani na familia yake, kuna harambee ya mazishi Jumamosi na jina lako liko kwenye orodha kama mgeni wa heshima. Haya si mambo ya kupuuzwa. Jamii yetu haina bima nyingine iliyo imara kuliko hii, na mstaafu mwenyewe ataihitaji siku moja. Kosa ni kuyalipia kutoka katika chungu cha paa.

Awe na chungu cha pili, hata kama ni cha Sh2,000 kwa mwezi, kwa ajili ya jamaa na jirani. Kikiisha, jibu ni kwamba mwezi huu kimeisha. Ni rahisi kwa mtu kusema hivyo akiwa na kiwango alichokubaliana na mkewe au mumewe kuliko kukataa kila ombi peke yake. Mtoto mtu mzima aliyerudi nyumbani naye aonyeshwe karatasi ya hesabu na apewe mstari wake, tokeni za umeme kwa mfano, au kazi ya kupanda ngazi kusafisha mifereji.

Mwisho ni jambo ambalo wanandoa wengi huliahirisha. Akaunti ya chungu cha dharura iwe ya majina mawili, na kila mmoja aweze kutoa pesa. Mwenye akaunti ya jina moja akifariki, fedha zake huingia katika mirathi, na mjane au mgane anaweza kungoja miezi mingi huku bomba likivuja. Vilevile kuwe na daftari moja jikoni au mezani lenye tarehe za kununuliwa kwa kila kitu, risiti, siku bima inapokwisha, na nambari za fundi wa umeme, wa mabomba na wa gari waliokwisha kujaribiwa. Katika nyumba nyingi nambari hizo zimo ndani ya simu ya mtu mmoja, na simu hiyo ina neno la siri ambalo ni yeye tu anayelijua.